Tabia ya Nchi na Homa ya Mtu wa Mlimani



Mwaka jana alifika katika zahanati yetu, huku juu kwenye milima ya Usambara, baba mmoja mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa amevaa koti zito na huku anatetemeka. Aliniambia, "Bwana mganga, nipatie vidonge vya mafua tu. Ni baridi ya huku kwetu." Nilimpa vidonge vya kutuliza homa akaenda zake. Siku ya tatu ndugu zake walimleta kwa machela, anaweweseka, hamtambui hata mkewe. Nilipompima damu kwa kipimo cha haraka, nilikuta malaria. Nikamchoma sindano ya kwanza, tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini kidogo tumpoteze.

Kosa lilikuwa langu. Siku ile ya kwanza sikumpima wala sikumwuliza, "Baba, ulikuwa wapi?" Kumbe alikuwa ameshinda wiki tatu Mombo, kwenye vibarua vya mpunga. Ili tuelewe kwa nini swali hilo lina uzito, yafaa kwanza tujifunze habari ya tabia ya nchi.

TABIA YA NCHI NI NINI?

Watu wengi huchanganya hali ya hewa na tabia ya nchi. Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho: leo mvua, kesho jua. Tabia ya nchi ni desturi ya mahali, yaani joto, mvua na upepo wa kawaida wa mahali hapo. Wataalamu huipata kwa kupima kila siku kwa miaka 30 hivi, kisha kutafuta wastani. Mvua moja kubwa ya Dodoma haiifanyi Dodoma kuwa nchi ya mvua.

KWA NINI NCHI HAZIFANANI?

Jambo la kwanza ni jua. Karibu na ikweta jua la mchana hupita utosini, mionzi yake huanguka wima na kuchoma sana. Ulaya mionzi hufika kwa kulala, hivyo joto lile lile huenea mahali pakubwa zaidi na kupungua nguvu. Tanzania yote iko karibu na ikweta, ndiyo maana hatuna majira ya theluji.

Mbona basi Lushoto watu huota moto jioni? Hapa ndipo penye jambo la pili, nalo ni urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari. Wengine hufikiri kwamba mlimani tuko karibu zaidi na jua, kwa hiyo ingepasa kuwa na joto zaidi. Sivyo. Jua hupasha ardhi kwanza, kisha ardhi ndiyo hupasha hewa. Hewa yenye joto hupanda, na inavyopanda hutanuka na kupoa. Kwa kawaida kila ukipanda meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mombo iko kwenye meta 400 na Lushoto kwenye meta 1,400. Safari ya gari haifiki hata kilomita 40, lakini unaondoka na shati ukafika unatafuta sweta. Wakoloni wa Kijerumani walilijua hilo, wakapanda Lushoto kukimbia joto la pwani.

Jambo la tatu ni bahari, pepo na milima. Upepo wa baharini hubeba unyevu. Ukigonga mlima hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu hugeuka mvua. Ndiyo sababu Amani, upande wa mashariki, hupata mvua nyingi na ina misitu minene. Upepo ukishavuka milima huwa umekwisha mwaga maji yake, na nyika ya Mkomazi iliyo nyuma hubaki kavu.

MBU NA NYUZI SITA

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Mbu akimwuma mtu mwenye malaria hawezi kuambukiza mwingine siku ile ile. Vijidudu lazima vikue kwanza ndani ya mbu, navyo hutegemea joto. Penye joto la nyuzi 25 huchukua siku 12 hivi. Penye nyuzi 20 huchukua karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chini ya nyuzi 16 havikui kabisa. Basi nyuzi sita tu kati ya Mombo na Lushoto ndizo zinazoufanya ugonjwa uwe wa kila siku bondeni na wa nadra mlimani.

Lakini unadra huo una hatari yake. Mtu mzima wa bondeni ameumwa na malaria tangu utotoni, mwili wake umejenga kinga kiasi. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo, hata awe mwanamume wa kubeba gunia. Malaria humwangusha kama mtoto mdogo.

Tena mlima si ngome. Baada ya mvua za El Niño za 1997/98, malaria ililipuka katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda. Ililipuka pia Wajir, Kenya, nchi kavu ambayo ilifurika maji. Na dunia nzima sasa imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19. Kwa mtu wa Dar es Salaam nyuzi moja ni jasho kidogo tu, ila kwenye vijiji vya kati ya bonde na kilele yaweza kumpa mbu siku anazozihitaji.

Kwa hiyo, ndugu wa mlimani, unaposhuka kulima au kufanya biashara chukua chandarua chenye dawa, hata kama nyumbani hukitumii. Homa yaweza kuanza wiki moja au mbili baada ya kuumwa na mbu, au hata zaidi, wakati umekwisha rudi na umesahau. Ukifika zahanati sema mapema ulikotoka, upimwe damu, na ukipewa dawa mseto zimeze zote kwa siku tatu. Mimi siku hizi kila anayekuja na homa namwuliza safari yake kabla sijashika kipimajoto.