Video ya Kamera Inapokwama Katika Kuhariri

Swali: Video za arusi nilizopiga kwa kamera yangu hukwama-kwama nikizitia katika programu ya kuhariri, ilhali nikizitazama tu huenda sawasawa. Je, kamera ina ila?

Jibu: La, ndugu yangu, haina. Ili kadi isijae upesi, kamera nyingi huandika kwa mtindo wa H.264, ambao huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata, pengine kumi na zaidi, huandika mabadiliko tu: mkono wa bibi arusi ulioinuka, shela iliyopepea, ama ukuta wa nyuma usiotikisika hauandikwi tena. Atazamaye mfululizo hahisi kitu. Lakini wewe mhariri, urukaye huku na huko, kila usimamapo huilazimisha kompyuta kuitafuta ile picha kamili na kuijenga upya uliyoitaka, nayo hulemewa.

Dawa yake ni kuzigeuza faili, kabla ya kukata hata kipande kimoja, ziwe ProRes 422 au DNxHR, mitindo ambayo kila picha husimama peke yake. FFmpeg, programu isiyo na malipo, yatosha kwa kazi hiyo. Tahadhari na nafasi: saa moja ya ProRes 422, kwa kipimo cha 1920 kwa 1080 na picha 25 kwa sekunde, huchukua takriban gigabaiti 55. Wala usitaraji sura bora kuliko ya asili, kwani kilichopotea ndani ya kamera hakirejei. Na zile faili asilia, nakusihi sana, usizifute hata baada ya kumkabidhi bwana arusi kazi yake.