Jiwe la chokaa: toka moto mpaka ukuta wa depo



Koperative nyingi za Tshopo ziko na mpango wa kujenga depo ya mpunga na mahindi. Tukikaa kuhesabu, tunaona simenti ndiyo inakula franka nyingi. Sababu tunaijua: simenti ya Kongo Central inapanda mto toka Kinshasa zaidi ya kilometa 1,700. Ile ya Uganda inakuja kwa lori, na barabara ya Bafwasende wakati wa mvua kila mtu anaifahamu. Safari yote hiyo inaingia katika bei ya mfuko.

Basi leo tujifunze juu ya chokaa, ile wamasoni wanaita la chaux: inatoka wapi, inafanya kazi namna gani, wapi inaweza kupunguza simenti, na wapi hapana.

Jiwe lenyewe

Jiwe la chokaa limefanyika kwa kalsiamu kabonati. Ni kitu kile kile kinachofanya ganda la yai na nyumba ya konokono. Katika jimbo letu mawe hayo yapo: wanajiolojia wameyaita jamii ya Lindi, kufuatana na mto Lindi unaopita Bafwasende. Lakini si kila jiwe jeupe ni la chokaa, na mawe mekundu ya laterite si ya chokaa.

Kujua ni rahisi. Kwaruza jiwe kwa kisu, kisha tia maji ya ndimu juu ya unga wake. Likitoa povu, liko na chokaa. Povu hilo ni gazi ya kaboni inayotoka ndani ya jiwe. Likinyamaza, tafuta lingine.

Moto, maji, hewa

Kazi ya chokaa inapita hatua tatu.

Kwanza, moto. Jiwe likichomwa mpaka karibu digrii 900, gazi ya kaboni inatoka. Kilo 100 za jiwe safi zinabakiza kilo 56 za chokaa kali. Kilo 44 zimepanda hewani.

Pili, maji. Zile kilo 56 zinakunywa kilo 18 za maji, na tunapata kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Ndiyo hiyo inayotumika kujengea.

Tatu, hewa. Chokaa iliyozimwa, ikiwa kwenye ukuta, inavuta tena ile gazi ya kaboni polepole na kurudia kuwa jiwe. Ndiyo maana inachukua majuma na hata miezi mbele ya kukomaa. Watu wa pwani ya Waswahili, Kilwa, Lamu na Unguja, walichoma matumbawe ya bahari kwa njia hiyo na kujenga nyumba na misikiti. Kuta nyingine za Kilwa zimesimama miaka mamia.

Simenti inatoka pia kwenye jiwe hilo, lakini linachanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa mpaka karibu digrii 1,450. Simenti inakauka hata chini ya maji. Chokaa peke yake haiwezi, inahitaji hewa.

Wapi tuitumie

Msingi, nguzo zenye vyuma na sakafu inayokaa na maji: tumia simenti. Hapo tusidanganyane.

Kuta za matofali ya kuchoma na lipu: chokaa inaweza kusaidia. Mchanganyiko ambao wamasoni wanaujua ni ndoo 1 ya simenti, ndoo 1 ya chokaa na ndoo 6 za mchanga. Tulinganishe. Kwa ndoo 24 za mchanga, mchanganyiko wa simenti 1 kwa mchanga 4 unaomba ndoo 6 za simenti. Huu wa chokaa unaomba ndoo 4 za simenti na 4 za chokaa. Tumepunguza simenti ndoo 2, lakini tumenunua chokaa ndoo 4. Kwa hiyo faida iko tu kama ndoo 4 za chokaa, pamoja na usafiri, ni rahisi kuliko ndoo 2 za simenti. Ulizeni bei zote mbili siku moja, mbele ya kuamua. Chokaa ikitoka mbali sana, hesabu inaweza kukataa.

Kuna msaada mwingine: matofali yaliyovunjika. Ukiyasaga yawe unga laini na kuuchanganya na chokaa, udongo ule uliochomwa unashikana na chokaa karibu kama simenti. Jaribuni kidogo kwanza: ndoo 1 ya chokaa, 1 ya unga wa matofali, 2 za mchanga. Jengeni matofali kumi, mngoje mwezi mmoja, muangalie kama kiungo kinakwaruzika kwa ukucha.

Hapa kwetu mvua ni nyingi. Ukuta wa chokaa ulindwe na bati linalotoka nje vizuri, na lipu ifunikwe isipigwe na mvua ao jua kali siku za kwanza. Inyunyiziwe maji kidogo, isikauke haraka.

Chokaa ya zamani

Chokaa iliyokaa sana sokoni katika mfuko wazi imekwisha kuvuta gazi. Imerudia kuwa jiwe la unga, haishiki tena. Weka kijiko kimoja katika glasi, mimina maji ya ndimu mengi. Ikitoa povu nyingi, usiijengee. Lakini usiitupe: shambani bado iko na kazi.

Udongo wetu wa msitu, mvua imeuosha, na mara nyingi uko na uchachu. Mihogo inavumilia, mahindi na maharagi yanateseka. Chokaa inapunguza uchachu huo. Pimeni pH kwanza. Kama agronomu anashauri tani 1 kwa hekta, ni gramu 100 kwa kila meta mraba, inachanganywa na udongo mbele ya kupanda. Usiichanganye na urea ao samadi mbichi, maana azoti itapotea hewani.

Hatari

Chokaa kali ikikutana na maji inachemka. Inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho.

– Mimina chokaa polepole ndani ya maji mengi, katika pipa la chuma. Usimwage maji kidogo juu ya lundo.
– Vaa viatu, glovu na miwani. Watoto wakae mbali.
– Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi, angalau dakika 20, kisha nenda kituo cha afya.
– Usipakie chokaa kali kwenye bwato bila kuifunika. Ikilowa, moto wake unaweza kuwasha mbao na magunia.

Na tanuru? Inakula kuni nyingi. Koperative inayotaka kuchoma yenyewe ihesabu miti pia, si franka tu. Msitu ukikatwa juu ya depo, mashamba yetu ndiyo yatalipa.

Kwa mkutano ujao, tujibu pamoja:

1. Ndoo ya chokaa na ndoo ya simenti zinauzwa ngapi kwetu, na usafiri ndani?
2. Katika depo yetu, ukuta gani unaweza kupokea chokaa?
3. Nani atalinda chokaa isilowe na watoto wasiifikie?