SOMO LA MNANA: TUMJUE KABLA YA KUMTUPIA JIWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka huu, chini ya mnazi hapa Mwera, tulikuta viota vitatu vimeangushwa. Ndani ya kimoja mlikuwa na makinda mawili yamekufa. Vijana wetu walikiri kuwa ni manati yao. Tulipowauliza sababu, walijibu: "Ustadhi, mnana anakula mpunga." Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Tutazame.

Mnana ni wa ukoo wa ndege wasukaji, wenye aina zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika. Miongoni mwao:

1. Mnana wa njano wa pwani. Dume husuka kiota kwa mdomo na miguu, akakining'iniza penye ncha ili nyoka asikifikie kwa urahisi.

2. Kweche. Wakati wa kuzaana dume huvaa rangi nyekundu na nyeusi. Hujenga nyasini.

3. Mnana wa Usambara. Hukaa misitu ya milimani na hula wadudu. Hapatikani nje ya Tanzania, na yumo hatarini kutoweka.

4. Kweleakwelea. Huyu ndiye huja kwa makundi makubwa akaangamiza mpunga, mtama na uwele.

Mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Lakini je, kosa la kweleakwelea alipe kinda wa mnazini? Wengi wa ukoo huu huwalisha makinda yao wadudu, na hao wadudu nao hula mazao yetu.

Katika Surat Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufundisha kuwa ndege nao ni umma kama sisi. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) aliamrisha makinda yaliyochukuliwa yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akihangaika.

Tena mnana ni mwanafunzi kama nyinyi. Dume kijana husuka vibaya mwanzo, akarudia mpaka akaweza. Jike asipokiridhia kiota, dume hukifumua akaanza upya. Anayekiangusha kwa jiwe moja anaharibu kazi ya siku nyingi.

Basi manati tuyaweke chini.

MASWALI
1. Taja aina nne za ukoo huu.
2. Nani huharibu mpunga kwa makundi makubwa?
3. Utamwambia nini mwenzako mwenye manati?

Wabillahi tawfiq.