Udaktari wa Tiba ya Mionzi: Kazi Yenyewe na Njia ya Kuifikia

Wanafunzi wengi wanaotamani udaktari hutaja upasuaji, watoto au moyo. Tiba ya mionzi hutajwa mara chache, ilhali takriban nusu ya wagonjwa wote wa saratani huihitaji katika hatua fulani ya matibabu.

Mfikirie mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Daktari humpima na kusoma majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, kisha huketi mbele ya kompyuta akichora, picha baada ya picha, mipaka ya uvimbe pamoja na kibofu na utumbo unaopaswa kukingwa. Kosa dogo hapo linaweza kuunguza kiungo kisicho na ugonjwa. Mara nyingi mama huyo hupata dozi 25 za mionzi ya nje, siku 5 kwa wiki, na baadaye mionzi ya ndani. Muda wote huo daktari anamfuatilia: Anakula? Anaharisha? Damu imekoma?

Wagonjwa wengine hawatapona. Hata hao mionzi huwasaidia: dozi moja tu inaweza kutuliza maumivu ya mfupa ulioingiwa na saratani, mgonjwa akapata usingizi. Asiyeweza kukaa na wagonjwa wa namna hii atafute fani nyingine, wala si aibu.

Njia ni ndefu. Unaanza na tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kisha shahada ya udaktari ya miaka 5, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, halafu shahada ya uzamili ya saratani. Hiyo hutolewa Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS), na mafunzo hufanyika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Asiyepata nafasi ya udaktari ajue kwamba kazi hii haifanywi na madaktari peke yao: wapo wataalamu wa fizikia tiba wanaokokotoa dozi, na wataalamu wa tiba mionzi wanaomlaza mgonjwa na kuwasha mashine.

Wazazi huuliza kama mionzi itamdhuru kijana wao kazini au kumnyima watoto. Kinga ipo. Mashine hukaa ndani ya kuta nene za zege, mtumishi hutoka chumbani kabla haijawashwa, na kifuani huvaa kipimo cha mionzi. Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo msimamizi wa usalama huo.

Walimu wa sekondari, tunawaomba: mwanafunzi mwenye moyo wa kuhudumia wagonjwa asiachwe aikimbie fizikia.