Pampu ya Mgongoni Ikigoma, Anzia Kwenye Nozeli

Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, pampu ya mgongoni imekuwa chombo cha lazima kwa wakulima wengi wa mahindi wa Migori na Homa Bay. Wanaolima nyanya, sukumawiki na matikiti huitumia pia, hasa kwenye skimu za umwagiliaji kama Kimira-Oluch na Lower Kuja. Pampu ikigoma wakati tangi limejaa dawa, mkulima hupata hasara mbili: mimea hukosa dawa, naye huifungua pampu kwa haraka bila glavu na kujimwagia sumu.

Kabla ya kununua kipuri, fahamu kwamba mara nyingi pampu haijavunjika. Imeziba. Kinachoiziba ni mchanga wa maji ya mto au ya bwawa, na dawa ya unga iliyochanganywa vibaya. Dawa ya unga haiyeyuki kama sukari. Chembe zake huelea majini, na ukipumzika huzama chini ya tangi na kuingia kwenye mpira zikiwa nzito kama uji.

Kanuni: fuata njia ya dawa ukirudi nyuma

Vaa glavu. Acha kupampu, elekeza fimbo chini, kisha bonyeza kifyatulio hadi shinikizo liishe. Kama hakuna kinachotoka, legeza nozeli polepole, uso ukiwa kando. Kisha kagua kwa mpangilio huu: nozeli, kichujio cha kwenye mkono wa fimbo, mpira, pampu yenyewe, na mwisho tangi.

1. Dawa haitoki, au inatoka upande mmoja. Nozeli au kichujio kimeziba. Fungua, suuza kwa maji safi na usugue kwa mswaki wa zamani uliotengewa kazi hiyo. Usitumie waya wala sindano, kwa kuwa tundu likipanuka dawa itatoka nyingi kuliko kipimo. Kamwe usipulize nozeli kwa mdomo.

2. Mpini ni mwepesi na shinikizo halijengeki. Washa ya pistoni imelika au imekauka, au mchanga umekwama kwenye vali. Safisha vali kwanza. Kisha paka washa mafuta kidogo. Ikiwa imepasuka, nunua nyingine kwenye duka la agroveti. Beba ya zamani ili ulinganishe ukubwa.

3. Dawa inaanza vizuri, kisha inakatika. Angalia tundu la hewa kwenye kifuniko. Likiziba, hewa haiingii kujaza nafasi ya dawa iliyotoka, na tangi huweza hata kubonyea. Safisha tundu hilo.

4. Dawa inavuja mgongoni. Mpira wa kifuniko umechakaa au kifuniko hakikukazwa. Usiendelee na kazi. Vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, na ubadilishe mpira huo kabla ya kurudi shambani.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza

Koroga dawa ya unga kwanza kwenye ndoo yenye maji kidogo hadi mabonge yaishe. Jaza nusu ya tangi kwa maji yaliyochujwa kwa kitambaa safi, mimina mchanganyiko kupitia kichujio cha tangi, kisha ongeza maji. Tikisa pampu kila unapopumzika.

Kila mwanzo wa msimu, pima nozeli kwa maji matupu. Kinga maji yanayotoka kwa dakika 1 na ulinganishe na nozeli mpya ya aina hiyo hiyo. Ikiwa mpya inatoa lita 1 na yako inazidi lita 1.1, ibadilishe, unamwaga pesa na kuunguza mimea.

Baada ya kazi, suuza pampu mara 3 na unyunyize maji hayo kwenye shamba lile lile. Usisuuzie Mto Kuja, kisimani wala ziwani, kwa sababu sumu hiyo huua samaki na maji hayo yanatumiwa nyumbani. Ikiwezekana, tenga pampu ya dawa ya magugu. Mabaki yake machache tu yanaweza kuunguza nyanya.

Mtu akipata kizunguzungu, kichefuchefu au shida ya kuona baada ya kunyunyizia, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na lebo ya dawa iliyotumika.

Jipime

- Kwa nini pampu yenye dawa ya unga hutikiswa baada ya mapumziko?
- Mpini ukiwa mwepesi, utakagua nini kwanza?
- Maji ya kusuuzia humwagwa wapi?

Ukishindwa kutambua tatizo, ipeleke pampu ikiwa tupu na imesuuzwa kwa afisa wa ugani wa wadi yako.