Diski Moja Haikati Kila Kitu: Somo la Matumizi Salama ya Grainda



Katika karakana za kuchomelea vyuma mjini Kilosa, Kimamba na kando ya barabara kuu pale Mikumi, grainda ni chombo cha kila siku. Hukata nondo, hulainisha mageti na kupunguza vigae. Chombo hichohicho kikitumiwa kwa mazoea hupofua macho na kukata vidole. Somo hili linahusu jambo ambalo hupuuzwa kwa urahisi: diski ilingane na mashine, kisha ilingane na kitu kinachokatwa.

Kasi ya diski

Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Kwa hesabu, ukingo wa diski hiyo husafiri kilomita 238 hivi kwa saa, ilhali treni ya SGR ipitayo Kilosa hufikia kilomita 160. Diski za kawaida za kukatia chuma hutengenezwa kustahimili mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa.

Sasa tuseme fundi amevua kinga ya mashine hiyo ndogo na kufunga diski ya milimita 230 ili akate kwa kina zaidi. Tundu la katikati la diski hizo mbili hulingana, kwa hiyo diski kubwa huingia bila shida. Lakini ukingo wake uko mbali maradufu na kitovu, na kwa mizunguko ileile kasi yake hukaribia kilomita 477 kwa saa. Diski inaweza kupasuka wakati wowote, na kinga ambayo ingezuia vipande imekwisha kuondolewa.

Kanuni ni hii: idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Kinga isivuliwe kwa sababu yoyote.

Kila kitu na diski yake

*Chuma.* Tumia diski nyembamba ya kukatia. Usiilaze kusugulia kwa ubavu, maana itavunjika. Kusugua kuna diski yake nene. Kipande kinachokatwa kibanwe imara, na sehemu itakayoanguka iachwe huru. Mkato ukijifunga, diski hunaswa na mashine humrukia aliyeishika.

*Zege, tofali na vigae.* Tumia diski ya almasi. Vumbi lake lina silika, ambayo huharibu mapafu polepole na madhara yake hayaponi. Fanya kazi nje, upepo ukitokea mgongoni, na uvae barakoa ya vumbi inayobana uso. Kitambaa hakitoshi. Usimwagie maji grainda ya umeme ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

*Mbao.* Usifunge msumeno wa meno kwenye grainda. Meno hunasa ghafla kwenye mbao, na mkono hauwezi kuizuia mashine inaporuka. Tumia msumeno uliotengenezwa kwa mbao.

*Mapipa ya mafuta.* Pipa lililokuwa na petroli, dizeli au oili huonekana tupu, kumbe limejaa mvuke unaowaka. Cheche moja yatosha kulilipua. Usilikate kwa grainda, hata kama limekaa wazi kwa muda mrefu.

*Mabati ya asbesto.* Yapo kwenye baadhi ya majengo ya zamani. Yasikatwe kwa grainda kamwe, kwani vumbi lake husababisha saratani. Muulize kwanza Afisa Afya wa kata yako.

Kabla ya kuwasha

Chomoa plagi kila unapobadili diski. Kagua diski: iliyopasuka, iliyolowa au iliyopitwa na tarehe iliyochapwa kwenye pete ya katikati itupwe. Ukifunga diski mpya, simama pembeni na uiache izunguke kwa nusu dakika bila kukata kitu. Vaa miwani ya kinga, viziba masikio na viatu vilivyofunika vidole. Nguo zisilegee, na nywele ndefu zifungwe. Shika mashine kwa mikono miwili, ukitumia mpini wa pembeni.

Cheche huruka mita kadhaa. Wakati wa kiangazi, ondoa nyasi kavu, maranda, nyuzi za mkonge na vyombo vya mafuta mahali pa kazi. Weka ndoo ya mchanga karibu, na usiondoke kabla ya kukagua eneo kwa nusu saa baada ya kumaliza. Moto ukizuka, piga 114, namba ya Zimamoto.

Ajali ikitokea

Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usilisugue wala kuruhusu mtu aitoe kwa kijiti au ulimi. Lifunike bila kulikandamiza, kisha nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Jeraha linalovuja damu nyingi likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia hadi majeruhi afike kwa mganga.

Wajibu wa mwenye karakana

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi vifaa vya kinga. Kijana anayejifunza kazi naye ana jicho lilelile na mapafu yaleyale. Asipewe grainda kabla ya kufundishwa na kuvalishwa. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri kwa ajili ya karakana viweke miwani, barakoa na diski sahihi katika makadirio yao tangu mwanzo. Anayetaka kujifunza ufundi kwa utaratibu aulizie nafasi katika Chuo cha VETA Mikumi.

Bei ya miwani ni ndogo. Jicho halinunuliki.