Mwanagenzi wa Udaktari: Mwanafunzi au Mfanyakazi?

Mwenzetu akivunjwa mguu na mashine, au akiangukiwa na gogo shambani, sote huomba apatikane daktari wa mifupa. Daktari huyo naye alijifunza kazi chini ya mwajiri. Somo letu la leo latazama jinsi anavyoomba nafasi hiyo huko Marekani, maana mkataba wake una jambo linalotuhusu.

Huko, anayemaliza chuo cha udaktari bado si mpasuaji. Sharti akae hospitali miaka 5, akipasua chini ya macho ya wakubwa, kwa mshahara. Nafasi za mifupa ni kama 900 kwa mwaka nchi nzima, na waombaji huzidi sana hapo. Kwa hiyo mwanafunzi huanza mapema kujionyesha. Huenda hospitali ngeni kwa muda wa wiki 4 hivi, akafika alfajiri kabla ya wengine, akashika miguu ya wagonjwa chumbani mwa upasuaji, bila ujira. Nauli na chumba cha kulala hujilipia. Mtoto wa maskini huingia madeni kwa kutafuta kazi tu! Tena tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa leseni hautoi alama, ila kufaulu au kushindwa. Basi barua za wapasuaji waliomwona kazini zimezidi uzito.

Baada ya mahojiano, mwombaji huandika orodha ya hospitali kwa jinsi anavyozipenda. Hospitali nazo huandika orodha ya waombaji. Kompyuta huzilinganisha, na mwezi Machi kila mmoja hupewa hospitali moja, au hukosa. Mpango huu ulianza mwaka 1952. Hesabu yenyewe haina hila: huanzia kwenye matakwa ya mwombaji, hivyo anayetanguliza hospitali aipendayo kweli hapotezi kitu. Taabu iko kwingine. Kwa kupeleka orodha amekwisha kujifunga. Jina likitoka, hawezi kusema, "Wale wenzenu wanalipa zaidi, niongezeeni." Mwaka 2002 baadhi ya madaktari walishtaki kwamba mpango huo unabana mishahara. Mwaka 2004 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuukinga, na kesi ikatupwa.

Kilichobaki ni chama. Madaktari wanagenzi wa New York walianzisha chao mwaka 1957, na Machi 1975 waligoma siku 4 kwa sababu ya zamu ndefu mno, wakapata mapatano ya kupunguza zamu za usiku. Waajiri walikuwa na jibu lao: hawa ni wanafunzi, si wafanyakazi. Mwaka 1976 bodi ya serikali ya mambo ya kazi ikakubaliana nao, na wanagenzi wa hospitali za binafsi wakakosa kinga ya sheria ya kazi. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1999 bodi hiyo hiyo, katika shauri la hospitali moja ya Boston, ikageuza hukumu: anayetibu wagonjwa, akalipwa mshahara na kukatwa kodi, ni mfanyakazi, hata kama anajifunza.

Kikomo cha saa 80 kwa wiki kiliwekwa nchi nzima mwaka 2003. Themanini, ndugu, na hicho ndicho kikomo.

Swali la kujadili tawini: Katika kiwanda au shamba lenu, yule anayeitwa "mwanafunzi wa kazi" hufanya kazi gani kwa siku, na analipwa nini?